Wakifika Kidole

Jumatatu, 2 Juni

Ameondoka. Kozi ya walimu wa sayansi, wiki tatu, na begi langu la magurudumu kalichukua bila hata kuniomba. Na leo hiihii — leo! — mayai yake yakaanza kuanguliwa. Nilikuwa napiga pasi kola, nikasikia Mama mkwe ananiita kutoka chumba cha nyuma: njoo uone, vimetoka. Nikaenda. Beseni zima limejaa vitu kama ncha za uzi zilizokatwa. Vina macho. Vimelala chini kama vimekufa, ukitikisa beseni vinaruka.

Nikampigia. Alikuwa hata hajapanda basi. Badala ya kunipa pole, akashangilia! Akaniuliza wako wangapi. Nikamwambia arudi awahesabu. Akacheka, akasema, "Fundi, nakutegemea."

Nakutegemea. Kila nikisikia neno hilo najua kuna mzigo unakuja.

Niandike tu, maana nikimsimulia mtu atacheka. Hawa ni watoto wa aksolotli. Aksolotli ni mnyama wa maji mwenye sura ya mjusi aliyenenepa. Matamvua yake ya kupumulia yako nje, yanamwagika shingoni kama matamvua ya shali. Mwalimu — mume wangu, bayolojia, sekondari — alipewa wawili na rafiki yake wa chuo, dume na jike. Anasema ukimkata mguu unaota mwingine, ndiyo maana chuo kinawataka. Sawa. Lakini kwa nini waishi chumba cha nyuma?

Chumba kile kilikuwa cha binti yetu. Alipoolewa, mimi ndiye niliyesema kwanza: sasa nimepata pa kushonea. Tangu niolewe nashonea meza ya kulia. Chakula kikija nafungasha, kikiondoka nafungua. Kabla sijahamisha hata kopo la vifungo, tangi likaingia. Eti chumba kina ubaridi, hakipigwi jua mchana, wanyama wanapenda. Hata mimi napenda ubaridi! Hakuna aliyeniuliza.

Wiki iliyopita niligoma kupika mpaka tuzungumze. Akaahidi mbele ya mama yake, mkono kifuani: hawa ndio wa mwisho. Wakifika urefu wa kidole, chuo kinawachukua wote, pamoja na wazazi wao na tangi lao. Chumba kinakuwa changu.

Kwa hiyo nitawalisha. Siwapendi. Ni wapangaji, na mimi nawasaidia kufunga mizigo ili wahame.

Jumatano, 4 Juni

Wapangaji bado hawajaanza kula. Wana kiini cha yai tumboni, wanajilia hicho. Kikiisha ndipo balaa langu linaanza. Maelezo yote Mwalimu aliniachia mlangoni, kwa mdomo, huku anafunga kamba za viatu. Nami nilikuwa nimebana pini midomoni, sikuweza hata kuuliza.

Chakula chenyewe ni kiroja. Hawali kitu kisichosogea. Uwamwagie unga, uwapondee yai, watakutazama tu. Lazima kitu kihangaike mbele ya macho yao. Basi kuna kopo la mayai ya vikamba, wale kamba wadogo wa maji ya chumvi; mayai yenyewe madogo kama vumbi la kahawa. Unachukua chupa ya soda iliyokatwa kitako, unaisimamisha kichwa chini. Maji ya chumvi ndani, kijiko cha mayai, na mpira wa pampu unapuliza hewa toka chini bila kupumzika. Kesho yake au keshokutwa vikamba vinatoka, wingu la rangi ya chungwa. Unavichuja, unavisuuza chumvi, unawapelekea wapangaji mezani.

Yaani naangua watoto wa mtu ili nilishe watoto wa mtu mwingine! Nilimwambia Mama mkwe hivyo, akacheka mpaka akashika kiuno.

Kichujio cha Mwalimu kimetoboka. Nimekata kipande cha bitana kilichobaki kwenye gauni la mteja, nikakizungushia waya wa henga ya nguo. Kinachuja safi. Bitana yangu, henga yangu, kazi yangu. Yeye yuko kozi, analetewa chai na maandazi saa nne.

Ijumaa, 6 Juni

Wamekula.

Nilidondosha vikamba kwa kichupa cha dawa ya macho, tone moja moja. Mwanzo kimya. Halafu mmoja akanyooka, akatulia, akarusha kichwa — kap! Tumbo lake ni angavu kama kioo, nikaona doa la chungwa limeingia. Halafu mwingine. Halafu kona nzima ya beseni, kap, kap. Nilikaa pale kuliko nilivyopanga. Chai ikapoa.

Niliporudi mezani nikakuta doa jingine.

Mama aliona saa ya kula imefika, akapakua. Alisogeza satini pembeni vizuri kabisa, akaikunja kwa uangalifu kama mali ya mtu. Lakini meza ni ndogo na bakuli la mchuzi ni pana. Tone moja. Kifuani! Satini nyeupe ya bibi harusi, ambaye ana sherehe mwisho wa mwezi na mama yake anajua kulalamika kuliko watu wote ninaowafahamu. Nimepaka sabuni, nimepaka poda, doa limegeuka kivuli lakini halitoki. Kipande cha mbele lazima kikatwe upya.

Sikumgombeza Mama. Ni wakati wa kula, na ile ni meza ya kula. Ninayemgombeza hayupo. Nimemgombeza nikiwa naosha beseni, nikamgombeza nikiwa nakata satini, na nitamgombeza nikilala. Hatua chache tu kutoka meza ile kuna chumba kizima chenye mlango na dirisha, na ndani yake mijusi inaogelea.

Jumapili, 8 Juni

Anapiga simu kila jioni. Maswali yake nayajua kwa kichwa. Matumbo yana rangi? Maji ni ya baridi? Umetoa uchafu chini? Kuna waliokufa?

Leo nikamwambia na mimi nina mafua, koo linawasha, nimeshinda na homa. Nikafikiri sasa anatafuta neno zuri. Akasema nisipige chafya karibu na beseni.

Nimekata simu. Nimepiga chafya tatu sebuleni kwa hasira.

Jumatano, 11 Juni

Leo nimempandishia sauti mama mkwe wangu. Mimi!

Asubuhi nilikwenda kumpima bibi harusi kwao, na mama yake akanishikilia mchana kutwa, mara mkono ufupishwe, mara urudishwe. Nilimwachia Mama mkwe kazi moja tu: aitazame chupa ya vikamba, asiiguse. Wapangaji walikuwa wamekula kabla sijatoka.

Mchana Mwalimu akampigia mama yake. Kwa nini asinipigie mimi? Eti simu yangu haikupokelewa. Nilikuwa na pini midomoni, ningepokeaje? Akamwambia, "Mama, hakikisha maji ya mayai yanachemka. Yakiacha kuchemka havitoki."

Mama akaenda kwenye chupa. Akaigusa. Ya baridi! Mwanawe kasema ichemke, nayo iko baridi. Akafanya kile ambacho mwanamke yeyote aliyewahi kukaa na jiko angefanya. Akamimina chupa nzima kwenye sufuria, akawasha moto. Halafu akaona mayai ni machache kwa umati ule wa watoto. Akaenda kwenye kabati, akachukua kopo, akaliongeza lote. Lote!

Nimeingia jikoni kunanuka samaki. Mama amesimama na mwiko, uso umemwiva kwa mvuke, ananiambia yamechemka vizuri, na amepunguza moto yasimwagike.

Nikapiga kelele. Mwanzo haikuwa hata na maneno. Halafu maneno yakaja, na mengine siyaandiki hapa. Mama akaweka mwiko juu ya kifuniko. Akafuta mikono. Akaenda chumbani kwake, akafunga mlango polepole, kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto.

Nikampigia Mwalimu. Unajua alisema nini?

"Kuchemka si maana yake kuchemka! Maana yake mapovu."

Nikamwambia mama yako ana miaka sabini na kitu, jiko liko mbele yake, unamwambia maji yachemke, ulitegemea afanye nini, apulize? Akasema mtu yeyote angeelewa. Akasema hata wanafunzi wake wa kidato cha kwanza wanaelewa. Nikamwambia humu ndani aliyechemsha ni mmoja tu, naye yuko kozi. Nikamkatia.

Baada ya dakika akatuma ujumbe. Kopo jingine halipatikani hapa mjini, likiagizwa ni wiki. Na wasipate kitu kinachosogea, wataanza kusogeleana wao kwa wao. Kitu pekee kinachocheza mbele ya macho ya mpangaji mwenye njaa ni ndugu yake.

Wakifa hawa, hakuna cha kupeleka chuoni. Ataanza upya na mayai mapya, na mimi nitazeekea kwenye meza ya kulia. Najua ninachokililia, na si mijusi.

Alhamisi, 12 Juni

Asubuhi mmoja hana matamvua upande wa kushoto. Yamenyofolewa mpaka shingoni. Mwingine ana mkia wenye pengo. Wameanza.

Nikaenda kubisha kwa Mama. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi tangu nilipoamka. Akafungua kabla sijamaliza kubisha. Amevaa viatu vya mvua, ndoo mkononi.

"Mama, jana—"

"Jana nimekusikia, mwanangu, na nyumba ya pili wamekusikia. Yamekwisha. Hivi vitoto vinakula nini kingine chenye uhai?"

Nikakumbuka viroboto wa maji. Mwalimu aliwahi kuwaleta kwa ajili ya wale wakubwa, vidude vidogo vinavyorukaruka kwenye maji yaliyotuama. Huwa anawapata kwenye mashimo ya wafyatua matofali, nyuma ya kiwanda cha mabati. Tukaenda. Mimi na bitana yangu ya henga, Mama na ndoo.

Wafyatua matofali wakaacha kazi kututazama. Mmoja akauliza kama tumepoteza pete. Mama akamjibu bila kugeuka, "Tunatafuta chakula cha wajukuu." Yule kijana akarudi kwenye tofali zake.

Tukachota. Ukiinua bitana kuna nukta zinadundadunda, nyekundunyekundu. Wakubwa tukawarudisha, wadogo ndio tuliowataka. Mama ana jicho kuliko mimi. Tope lilinifika magotini, sketi yangu ya kazi sidhani kama itarudi hali yake.

Njiani kurudi akaniambia jambo ambalo sijawahi kulisikia kwa miaka yote hii. Marehemu baba mkwe alifuga njiwa. Alianza na jozi moja, kwenye stoo ya jiko. Jozi ikawa kumi, stoo ikajaa, wakaingia jikoni kwenyewe. Mama akapikia nje. Mvua, jua, mimba, yuko nje na jiko lake, mpaka mume alipofariki.

Nikamuuliza, sasa Mama, hukumwambia?

"Nilimwambia kila siku," akasema. "Kimoyomoyo."

Tulipofika, wapangaji wakala. Nilisimama nao mpaka tumbo la wa mwisho likajaa.

Jumapili, 15 Juni

Tumekwenda mashimoni kila asubuhi, na wapangaji tumewagawa kwenye mabeseni kadhaa wasinyofoane. Wafyatua matofali sasa wanatusalimia.

Miguu ya mbele inaota! Leo nimeiona kwa mara ya kwanza, mbele ya mwanga wa dirishani — vinundu viwili nyuma ya matamvua, na kwa wale waliokua zaidi vimeshagawanyika kama vidole. Yule aliyenyofolewa naye anaota. Matamvua mapya, mafupi, ya waridi. Nilimwita Mama aje aone.

Nimempima mmoja kwa tepu yangu, kupitia kioo cha bakuli. Hajafika hata nusu ya kidole changu kidogo. Kazi bado ipo. Lakini nimeanza kukipanga chumba kichwani. Cherehani dirishani. Meza ya kukatia katikati, ndefu, ya kuzunguka pande zote. Pasi kona ile. Mannekini, lile sanamu la kuvishia nguo, mlangoni, ili mteja akiingia aone kazi.

Nisijidanganye, nimeanza kuwapenda kidogo. Hawana ubaya wowote. Ni bwana wao tu anayenichosha. Jana kwenye simu alinipongeza kwa viroboto, akasema ningekuwa mwanasayansi mzuri. Nikamwambia mimi ni fundi mzuri, na ningekuwa bora zaidi nikiwa na chumba. Akasema, "Tutazungumza nikirudi." Sikupenda alivyolisema hilo.

Jumatano, 18 Juni

Nikiiandika hii hasira karatasi itachanika. Naiandika hivyohivyo.

Saa ya mchana kabisha hodi fundi seremala. Yule mrefu wa hapa mtaani, anayependa kuweka penseli sikioni. Kasema katumwa na Mwalimu apime chumba cha nyuma. Moyo wangu ukaruka! Kweli. Nikafikiri mwanaume kajirudi. Kwamba kumbe "tutazungumza nikirudi" ilikuwa njia yake ya kunificha zawadi. Nikamkaribisha fundi. Nikampa soda. Nikamwonyesha nataka meza isimame wapi.

Akanitazama. "Meza ipi, mama?"

Nikamwambia ya kukatia vitambaa. Akatoa penseli sikioni, akaanza kupima ukuta. Akasema yeye kaambiwa rafu. Ukuta mzima, madaraja matatu. Mbao nene, maana maji ni mazito. Mbao zenyewe Mwalimu alishazilipia kabla hajasafiri, ziko karakana.

"Maji gani?"

"Ya matangi," akasema. Halafu akaona uso wangu, akaanza kunywa soda haraka haraka.

Kabla hajasafiri! Yaani siku ile mkono uko kifuani, mbele ya mama yake, mbao zilikuwa zimeshalipiwa.

Nilimpigia nikiwa nimesimama palepale katikati ya chumba. Hakukataa. Alisema alitaka kunieleza ana kwa ana. Alisema chuo sasa kinawataka kila msimu, si mara moja, na hii ni nafasi ambayo mwalimu wa kawaida haipati maishani. Nikamuuliza, si ulisema hawa ndio wa mwisho? Akasema alimaanisha wa mwisho wa msimu huu. Nikamuuliza, si ulisema wakifika kidole wanaondoka? Akasema hawa wataondoka, ndiyo. Watakaokuja ni wengine.

Ndivyo alivyo. Kuchemka si kuchemka, mwisho si mwisho. Na mimi ndiye nisiyeelewa, mimi na kidato cha kwanza.

Nikamuuliza la mwisho. Na mimi nishonee wapi?

"Fundi," akasema, kwa sauti ile ya kumbembeleza mwanafunzi, "meza ya kulia si ipo?"

Alhamisi, 19 Juni

Leo sikuwalisha.

Niliamka nikasema, basi. Si lazima nifanye ubaya wowote. Ni kutofanya kitu tu. Nisiende mashimoni, nisidondoshe tone, nikae zangu nishone. Watamalizana wenyewe. Akirudi atakuta mmoja mnene na mabeseni matupu, na mimi nitasema nilidhani kula maana yake kulana.

Nikashona. Mikono miwili ya gauni nikaitengua, nilikuwa nimeishona ndani nje.

Mchana nikapita mlango wa chumba cha nyuma kwa bahati mbaya. Si kwa bahati mbaya. Nilikwenda. Wote walikuwa wamesogea upande wa mlango. Wameshajua mtu akisimama pale chakula kinakuja. Vichwa vyote vimenielekea.

Nikaondoka. Nikarudi mezani na nikalia, na satini ikabidi niisogeze isilowe.

Halafu Mama akaingia kwa mlango wa nyuma. Tope mpaka magotini. Alikuwa amekwenda mashimoni peke yake, na magoti yake yale! Akaiweka ndoo karibu na miguu yangu. Viroboto tele.

"Wewe una haki ya hasira zote," akaniambia. "Ila hawa hawakukuahidi kitu."

Nikanyanyuka nikawalisha.

Ijumaa, 20 Juni

Fundi seremala kaleta mbao asubuhi. Nikamwambia rafu hapana. Nataka meza, urefu wa chumba, miguu sita, kimo cha kiuno changu. Akaniuliza kama Mwalimu anajua. Nikamwambia Mwalimu kanunua mbao za chumba hiki, nazo zitabaki chumba hiki. Akamtazama Mama. Mama akamwambia, "Mwanangu, anza kupima."

Mbao zile ni nzito kwelikweli. Meza hii itatuzika wote.

Tukahamisha. Tangi la wakubwa tulilimwaga kwa ndoo mpaka likabaki na maji ya kuwafunika, fundi akashika huku, mimi huku. Sikutaka waumie. Mpaka chumba cha kulala, chini ya dirisha, pazia limeshushwa. Mabeseni ya wadogo yalitaka sehemu tambarare. Sakafuni hapana, mtu atakanyaga. Kukabaki ubao mpana. Nikaulaza kitandani, upande wa Mwalimu, toka kichwani mpaka miguuni. Mabeseni yakapangwa juu yake kwa mstari. Upande wangu haukuguswa.

Chumba cha kulala kina joto kuliko kile. Nimegandisha chupa za maji kwenye friji, nazitia moja moja pembeni ya mabeseni, naangalia maji yasipoe ghafla. Kila kiumbe kimekula. Hata yule wa matamvua mapya.

Mwalimu amepiga jioni. Sikupokea. Mama alipokea. Nilimsikia akimwambia, wote wazima, mwanangu, wote wazima.

Jumamosi, 21 Juni

Naandika nikiwa chumbani kwangu, kwenye meza yangu.

Leo nimekata gauni zima la msimamizi wa bibi harusi bila kufungasha chochote. Chakula cha mchana kimeliwa kule, satini iko hapa. Nimezunguka meza pande zote kama mwehu, bila sababu, kwa kuwa inawezekana.

Kafika mchana huuhuu. Nilisikia magurudumu ya begi langu kwenye saruji, nikaendelea kukanyaga pedali. Mama akamfungulia. Salamu, pole na safari, maji ya kunywa. Halafu hatua zake moja kwa moja mpaka huku. Sishangai. Hakunijia mimi, aliwajia wao, ni vile tu mimi ndiye niliyepo.

Akasimama mlangoni. Akaitazama meza. Nadhani alizitambua mbao zake.

"Fundi," akasema.

"Karibu. Wako chumba cha kulala."

Akaenda mbio. Nikasikia mlango, kisha swichi ya taa. Nikasimamisha cherehani ili nisikie vizuri. Hakupiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, nina majibu yangu ya wiki tatu, yamepangika. Kumbe haikuwa hivyo. Akarudi mlangoni, begi bado mkononi, uso umemshuka.

"Wameshakula?"

Nikamwambia wamekula asubuhi, watakula tena jioni, viroboto wako kwenye ndoo, barafu iko friji. Akaitikia kwa kichwa kila neno. Akasema wamekua sana. Akasema wana afya. Halafu akalishusha begi langu chini, akalisimamisha.

"Na mimi nitalala wapi?"

Sikumjibu. Nina pini midomoni. Ni kweli ninazo, nazitumia, pindo hili haliwezi kusubiri.

Kaenda kumuuliza mama yake. Nasikia kila kitu, ukuta wenyewe mwembamba. Anauliza lile godoro la wageni liko wapi. Mama anasema ah, mwanangu, godoro? Hilo hajaliona siku nyingi. Kwa sauti ya upole kabisa.

Liko chini ya kitanda cha Mama mwenyewe. Tulilisukuma pamoja jana, yeye upande huu na mimi upande ule, na yeye ndiye aliyeniambia lisukume zaidi, ncha inaonekana.

Sasa anafungua makabati, moja baada ya jingine.